Uhamisho kwa Manufaa ya Mwanafunzi

9 Februari

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu. Kiti chenyewe kina miguu mitatu mizima na mmoja wa kubahatisha, kwa hiyo usinionee wivu. Barua ya uteuzi ililetwa Jumatatu. Siku nne baadaye dereva wa ofisi yenu akaja na orodha ya matokeo ya shule tisa za kati za wilaya yetu. Sisi ni wa tisa. Niliigeuza ile karatasi juu chini, nikidhani labda nimeishika vibaya.

Kati ya watoto sitini na mmoja wa darasa la mwisho, wamefaulu kumi na saba. Asilimia ishirini na nane. Shule ya kwanza, ya yule mwalimu mkuu mnayemwita Bwana Suti, imepata tisini na saba. Mtihani ni mmoja, vitabu ni vile vile, na walimu wake wawili nilisoma nao chuo. Mmoja alikuwa akinakili kwangu. Toka hapa hadi kwake ni dakika arobaini kwa basi. Sasa niambie, wewe uliyekaa na namba miaka yote hii: kitu gani kinatokea ndani ya hizo dakika arobaini?

Ningekupigia simu, lakini mko wanne chumba kimoja na kila mmoja ana masikio. Tena mimi maneno marefu nayaweza kwa kalamu tu. Mfuko wa barua wa dereva unatosha. Anapita kila Ijumaa.

Msalimie mpwa wangu. Mwambie mjomba sasa ni mkubwa, aniamkie kwa adabu.

Mdogo wako

16 Februari

Mdogo wangu,

Hongera, na pole. Kwa cheo hicho maneno hayo mawili huenda pamoja.

Swali lako halina jibu fupi. Kuna umbali wa nyumbani, kuna njaa, kuna wazazi wanaofuatilia na wasiofuatilia. Orodha haionyeshi hayo. Usikae nayo sana, utakonda bure. Fundisha.

Ila kuna jambo lazima ulijue kabla halijakufikia kwa barua rasmi. Mkurugenzi wa elimu ameamua kwamba shule itakayokuwa chini ya asilimia thelathini na tano miaka miwili mfululizo itafungwa. Watoto watagawanywa kwenye shule nyingine, mwalimu mkuu atarudishwa darasani. Mwaka wa kwanza mmeshautumia. Taarifa ya kupendekeza hivyo iliandikwa na ofisi yetu. Nasema ofisi yetu, na unajua ofisi ya takwimu ina mtu mmoja.

Chumba chetu bado kile kile. Meza nne, makabati sita, dirisha moja lililozibwa na kabati la saba. Yangu ndiyo meza ya ndani kabisa. Nikitaka kwenda msalani lazima watu wawili wasimame wavute viti. Siku hizi sinywi chai kazini.

Mpwa wako anasema hakuamkii mpaka umlipe lile dau la drafti.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Kwa taarifa hiyo sikulaumu. Uliandika ulichoona kwenye karatasi. Lakini mimi nimefungua kabati la shule, na humo nimeona kingine.

Nilichukua rejista ya darasa la mwisho la mwaka jana nikahesabu jina kwa jina. Kati ya wale sitini na mmoja, ishirini na saba hawakuanza mwaka hapa. Waliingia Juni na Julai, kabla tu ya usajili wa mtihani kufungwa. Kumi na tisa walitoka shule moja, ya Bwana Suti. Kila mmoja alikuja na fomu ya wilaya yenye maneno yale yale: "Uhamisho kwa manufaa ya mwanafunzi." Kati ya hao ishirini na saba walifaulu wawili.

Nikatoa. Watoto wetu wenyewe, waliokaa hapa tangu Januari, walikuwa thelathini na wanne, wakafaulu kumi na tano. Hiyo ni asilimia arobaini na nne. Sisemi sisi ni malaika. Nina mwalimu mmoja wa hesabu, naye ni mimi. Bado pengo lipo. Lakini silo lile mlilolibandika ukutani.

Mmoja wa waliohamishwa anarudia darasa mwaka huu. Wenzake wanamwita Wakili kwa sababu hachoki kubishana. Alikuwa kwa Bwana Suti miaka miwili. Mama yake aliugua, akakosa shule wiki tano kumuuguza, aliporudi akafeli majaribio mawili. Baada ya hapo akakabidhiwa fomu. Nilipomuuliza kama alijua kwa nini amehamishwa, alinijibu kwa swali.

"Mwalimu, pale wameandika manufaa yangu. Wewe umeyaona?"

Nikarudi kabatini. Fomu zote zina mhuri wenu na saini moja isiyosomeka, ina mkia mrefu kama wa panya. Ni ya nani?

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Fomu zinazotoka hapa ni nyingi, na saini ni ya ofisi. Uhamisho ni haki ya kila shule.

Tafadhali usilichimbe hili. Wewe ni mgeni kwenye kiti hicho. Kuna watu hapa wanaweza kukuhamisha wewe mwenyewe kabla hujamaliza kuhesabu.

Nina kazi nyingi mwezi huu.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikaangalia nyuma ya karatasi. Nilidhani unaumwa. Dereva akasema u mzima, ila umekonda.

Nimefikiri, nimeona siwezi kunyamaza. Wiki iliyopita mama yake Wakili alikuja, kapona sasa, anashona nguo kibarazani kwake. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba radhi kwamba mwanawe ameniharibia shule. Alisimama mlangoni akasema mimi ndiye niliyeugua, mwalimu, mtoto hana kosa. Nilimkaribisha kiti, nikakumbuka ule mguu mmoja, nikampa meza akae.

Kwa hiyo nimeandika taarifa ya kurasa nne kwa Mkurugenzi. Nimebakiza jedwali. Mimi nina rejista ya shule moja tu, wewe una za shule zote tisa. Nitengenezee kwa miaka mitano: wangapi walihama mwezi Juni na Julai, kutoka wapi, kwenda wapi, wangapi walifaulu. Na nisaidie kumjua mwenye saini. Mtu huyo ndiye mlango wote. Bila yeye Bwana Suti hana pa kupitisha.

Nakutegemea. Sina mwingine huko juu.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Nimekuandikia mara tatu nikachana. Hii sitachana kwa sababu dereva ameshawasha gari.

Saini ni yangu.

Huitambui kwa sababu barua zako nasaini kwa utulivu. Ile ya kazini imekimbia miaka sita mpaka imebaki mkia.

Ilianza na mtoto mmoja ambaye kweli mama yake alihamia upande wenu. Bwana Suti alikuja mwenyewe, akaongea kwa upole, nikasaini. Mwaka uliofuata akaleta watano. Nikamuuliza, akasema watoto hawa wanaona aibu hapa, kule watapumua. Mwezi ule ule akanitafutia nafasi ya mwanangu. Tulikuwa tumezika baba yake miezi minne tu, na mtoto alikuwa anapanda mabasi mawili kwenda shule. Bwana Suti alisema mtoto wa mjane asiteseke. Sikumpa kitu, hakuniomba kitu. Ila tangu siku ile kila alipoleta fomu sikuwa na mdomo.

Halafu wilaya yetu ikaanza kusifiwa kwa kuwa na shule bora kuliko zote mkoani. Mkurugenzi akanipa cheti. Kipo ukutani, nyuma ya kabati.

Mwaka juzi nikaanza kusaini fomu tupu. Namkabidhi ishirini kwa mkupuo, anajaza mwenyewe. Nilijidanganya kuwa naokoa muda. Ukweli sikutaka kuona majina.

Jedwali unalolitaka ninalo kichwani. Nikilitoa, nimejitoa mimi. Mwanangu yuko darasa la mwisho pale pale. Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu tukiwa wadogo: subiri afanye mtihani Oktoba. Baada ya hapo fanya unavyoona.

Dada yako

25 Mei

Kwa Afisa Takwimu,

Barua yako nimeipata.

Oktoba unayoisema ndiyo Oktoba ya shule yangu pia. Nikisubiri, watoto watakuwa wameshaletwa, wameshafeli, na milango imeshapigwa misumari. Nisiposubiri, nakufukuzisha kazi wewe uliyenilipia chuo kwa mshahara wa kwanza. Umenifungia chumba kisicho na mlango, halafu umeniomba nikae kwa utulivu.

Taarifa iko mezani kwangu. Sijaituma. Kila asubuhi naiweka juu ya karatasi nyingine, na jioni naikuta chini.

Wakili amepata tisini na moja kwenye jaribio la hesabu. Nimekuandikia tu ujue kwamba alikuwa na jina.

Mwalimu Mkuu, shule ya tisa

3 Julai

Dada,

Kaa chini kwanza.

Leo asubuhi wameletwa kumi na wanne, kumi na mmoja kutoka kwa Bwana Suti. Walisimama kwenye korido na fomu mkononi, nikawa naziita moja moja. Ya tisa nilipoisoma jina nikadhani macho yangu yana ukungu. Nikainua uso. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari, sare ya kule bado mwilini, ameshika begi kifuani kwa mikono miwili.

Ni mwanao. Na chini ya fomu ni saini yako.

Nilimwingiza ofisini nikafunga mlango. Alinisimulia bila kulia, na afadhali angelia. Anasema amekuwa akifeli hesabu tangu Machi. Karatasi za majaribio alikuwa anakufichia chini ya godoro kwa sababu ulikuwa hulali vizuri. Wiki iliyopita mwalimu wa darasa aliwapa bahasha, akawaambia wazazi wameshakubali, saini ya wilaya ipo. Alipofungua akaijua saini. Anaiona kila siku kwenye karatasi unazoleta nyumbani. Basi akaamini wewe ndiye uliyemtoa, na kwamba umeshindwa kumwambia usoni. Hizi siku zote mlikuwa mnakula meza moja, yeye akisubiri useme, na wewe hujui kitu.

Amenisihi nisikwambie kwamba amejua. "Mjomba, mwambie mimi ndiye niliyeomba kuja huku," akasema. "Asione aibu."

Nimemkatalia. Nimeona bora ujue. Atalala kwangu siku za masomo, chumba cha vitabu nimekitoa vumbi. Barua hii nampa dereva leo, sisubiri Ijumaa. Kapita kuleta chaki.

Mdogo wako

10 Julai

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nikiwa mezani kwangu, nikashindwa kusimama. Si kwa huzuni. Wenzangu walikuwa na wageni, viti vimejaa mpaka kabatini, hapakuwa na njia. Nilikaa pale saa nzima na barua mapajani huku watu wanaongea habari za madawati.

Jioni nilikwenda kwa Bwana Suti. Alisikitika sana, akasema ni kosa la karani, karani hakujua mtoto ni wa nani. Nimlete kesho, nafasi yake ipo, na hilo la hesabu atatafutiwa mwalimu wa jioni. Nikamuuliza, na wale kumi? Akanitazama kama nimezungumza lugha ya mbali.

"Wale kumi ni wa nani?" akaniuliza.

Alikuwa anauliza kwa dhati. Na mimi, mdogo wangu, nikamwambia nitamjibu. Sikusema hapana. Nimetembea hadi nyumbani na hilo.

Asubuhi nikaingia kwa Mkurugenzi na jedwali la miaka mitano. Nilikuwa nimeshaliandika lote kwa mkono. Alilisoma taratibu, akanisifu kwa usafi wa mistari. Kisha akanirudishia. Yeye, akasema, amekuwa akiletewa orodha tu, na kwenye fomu zote mia moja na kumi na mbili haipo saini yake hata moja. Akaniuliza kama nataka alipeleke mbele. Akanishauri nikapumzike.

Mwambie mwanangu kwamba sikujua. Hapana, usimwambie. Maneno hayo ni yangu.

Dada yako

14 Septemba

Dada yangu,

Kumbe lile jedwali ulilipeleka mkoani. Kwa nini hukuniambia? Miezi miwili sina barua yako, mtoto anakutazamia kila Ijumaa, mimi nadhani umemezwa na yale makabati. Jumatano dereva ndiye aliyeniambia kwamba umesimamishwa kazi tangu Agosti na meza yako imewekwa mafaili. Na jana wakaguzi watatu wa mkoa wakashuka hapa, na jedwali lako mkononi, mwandiko wako, jina lako lote limeandikwa chini kwa herufi zinazosomeka.

Walinihoji saa mbili. Waliuliza rejista, tarehe, nani alipokea watoto. Nikajibu yote. Kisha mkubwa wao akapanga zile fomu juu ya meza kama karata, akaweka kidole kwenye ule mkia.

"Unaifahamu saini hii?"

Walishajua. Walitaka niseme mimi. Niliona naweza kusema siifahamu, na hakuna ambaye angenilaumu, ndugu hufichiana. Lakini nje ya dirisha darasa la mwisho walikuwa wanapanga mstari kuingia, Wakili mbele, mwanao nyuma yake.

"Ni ya dada yangu," nikasema. "Na jedwali mlilonalo ni lake pia. Andikeni yote mawili."

Wakaandika. Sijui kama waliandika yote mawili.

Nimerudi nyumbani nimekaa sakafuni. Nilipokuwa nakasirika ilikuwa rahisi kuliko hivi. Ile taarifa yangu ya kurasa nne sikuituma kamwe, umenitangulia. Naona aibu kwa hilo, na nafurahi, na sijui nianze na lipi.

Mtoto nimemwambia umefanya nini. Alikwenda kufua sare yake, ingawa ilikuwa safi.

Mdogo wako

23 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Sikujibu kwa sababu nilitaka kuwa na la kukuambia. Sasa ninalo, nusu tamu nusu chungu.

Ulisema kweli mbele yao, na sina kinyongo. Wangekuona umedanganya kwenye hilo, na rejista zako wasingeziamini.

Uamuzi umetoka. Mimi nimeondolewa ofisini, nimerudishwa kufundisha, madaraja mawili chini. Wamenipangia shule ya nane. Bwana Suti amepewa onyo la maandishi na bado anavaa suti. Mkurugenzi ameunda kamati, na yeye ndiye mwenyekiti. Kuanzia mwaka huu kila mtoto atahesabiwa kwenye shule aliyoanzia Januari, hata akihamishwa mara kumi. Hilo limeandikwa na limepigwa mhuri. Ila matokeo ya mwaka jana yamepangwa kwa kanuni ya zamani, na orodha umeiona: nyinyi asilimia thelathini na tatu, wa tisa tena. Kwa hesabu ya wakaguzi mna thelathini na sita. Kwa ajili ya hizo tatu wameahirisha kuifunga shule yako, mwaka mmoja tu. Najua huo si ushindi. Utafundisha mwaka mzima ukiangalia mlango.

Wakili amefaulu, amekuwa wa kwanza kwako. Nasikia mama yake alishona gauni la sherehe kwa siku moja.

Mwanangu amekosa alama tatu. Atarudia darasa, na ameomba arudie kwako. Nimekubali. Kwa sasa yuko hapa nyumbani mpaka shule zifunguliwe. Tangu Oktoba anazungumza nami habari za chakula na sabuni, basi. Nilimwambia kwamba sikujua. Nilimwambia pia kwamba nilisaini kwa makusudi ili nisijue, kwa sababu la kwanza peke yake lingekuwa uongo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Nilidhani tutakaa hivyo hivyo. Jana baada ya chakula nilikuwa meza ya jikoni naandaa somo, nimesahau kufundisha, nafuta kila mstari. Akaja na daftari la hesabu. Akaliweka mezani, akafungua ukurasa wa hesabu za sehemu, akakaa upande wa pili, akanigeuzia daftari bila kunitazama.

Nikavuta kiti changu karibu.

Dada yako